Siku Niliyoipiga Muhuri Sidii ya Chuo

Nikiwa na watu wanaoniheshimu huwa nasimulia kisa hiki kana kwamba kilimpata mwenzangu fulani wa kazini, na nasimulia vizuri, wanacheka mpaka wanafuta macho, halafu wananiuliza huyo dada yuko wapi siku hizi, nami nasema alihama. Leo tusidanganyane. Hakuhama mtu. Ni mie.

Miaka ile ya tisini, madukani kila kitu kimerudi isipokuwa pesa ya kukinunulia, nilikuwa kibarua kwenye maktaba ya chuo kikuu ambacho sitakitaja, huku upande wetu wa Temeke. Kazi yangu ilikuwa kuandaa vitabu vipya: napiga muhuri, naandika namba, nabandika lebo mgongoni na ile karatasi ya tarehe za kurudisha ndani ya jalada. Maktaba ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba kitu chochote hakimfikii msomaji kabla hakijapigwa muhuri, maana kitabu kisicho na muhuri leo kiko rafuni na kesho utakikuta kimetandazwa juu ya turubai Kariakoo. Na mie, mnaonijua mnajua, nina ugonjwa wa kunyoosha mambo. Muhuri ukikaa upande, usiku silali (msicheke, mpaka leo silali).

Basi ikaja habari kwamba tunaletewa sidii. Majarida ya nje yalikuwa yameshaacha kuja kwa kukosa fedha za kigeni, wahadhiri wanalalamika, rafu zimekaa kama kinywa cha bibi kizee, halafu mtu anakwambia kuna kisahani kimoja chembamba cha kompyuta kimebeba muhtasari wa makala ambazo zingejaza chumba kizima. Nilisisimka mpaka chakula hakipandi. Na chumba chenyewe kikaandaliwa, kina kiyoyozi (chumba pekee chuoni ukitoa ofisi ya mkuu wa chuo), kina mapazia, na mlangoni unavua viatu kama unaingia msikitini, eti vumbi litaiua kompyuta. Mama Kileo, mkuu wa maktaba yetu, akatangaza anatafuta mtu mmoja wa kukitunza chumba kile, na huyo ataajiriwa moja kwa moja, si kibarua tena.

Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe nyumbani Tandika, nimechora vitufe vyote juu ya boksi la sabuni, nimeazima kitabu cha maelekezo nikakikariri, nabonyeza boksi jioni nzima huku dada yangu ananiuliza hiyo piano yangu itatoa sauti lini.

Siku moja kabla ya uzinduzi, Joyce, wakala wa kampuni iliyotuletea ile sidii, alitoka ofisini kwao Mikocheni akaja kuijaribu. Akaandika neno moja tu, korosho, na kioo kikajaa makala juu mpaka chini. Machozi yalinilenga. Alipoondoka, Mama Kileo akanikabidhi sidii niifungie kabatini hadi kesho yake.

Ningeifungia tu, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilipoigeuza mkononi nikaona haina muhuri.

Upande mmoja una maandishi ya kampuni, yamepangwa vizuri, huwezi kuyaharibu. Upande wa pili mtupu, safi, unang'aa, nikasema hapa ndipo walipotuachia nafasi sie watu wa maktaba. Nikapiga. Wino wa zambarau ukateleza, muhuri ukakaa kama kichwa kimevaa kofia upande, nikaufuta kwa spiriti, nikapiga tena, ukateleza tena, basi nikaamua kuandika jina la maktaba na namba kwenye lebo nikaibandika kwa gundi, na kando yake kipande cha karatasi ya tarehe za kurudisha, nimekikata kwa mduara kifuate umbo. Halafu nikawaza, je, vumbi? Nikachukua ile nailoni ya kunata tunayofunikia majalada, nikaikata duara, nikaibandika juu ya vyote na kuisugua kwa rula mpaka hakuna hata kipovu kimoja. Ilipendeza. Mungu anisamehe, ilipendeza.

Kesho yake chumba kimejaa. Mkuu wa chuo kavaa suti na soksi, wahadhiri nao soksi (nyingine zina madirisha), Joyce yuko pembeni, na Mama Kileo akasema mbele ya wote kwamba Ashura ndiye atakayetuonyesha. Nikajua ndio mtihani wangu. Dokta Mushi, ambaye hakuamini kabisa mambo ya visahani, akataka nimtafutie makala za magonjwa ya mikorosho. Nikaichukua sidii, maandishi ya kampuni juu, kwa hiyo hakuna aliyeona ufundi wangu wa upande wa chini, nikaiweka, mashine ikaimeza.

Ikanguruma kama inasaga mahindi. Kioo kikasema hakuna kitu.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba umeme ni mdogo. Mkuu wa chuo akaamuru kiyoyozi kizimwe ili kompyuta ipate nguvu. Nikajaribu tena, inanguruma tu. Nikasema labda na taa, zikazimwa taa. Kisha mtu akasema na mapazia yafungwe, sijui kwa nini, nami nikakubali kwa kichwa kama vile ndicho nilichokuwa nakingoja. Ikawa giza, joto, na zile soksi zote.

Joyce akanisogeza taratibu akabonyeza kitufe ili sidii itoke. Kile kitrei cha mashine kinachobeba sidii kikatoka nusu, kikakwama, kikabaki kama ulimi wa mbuzi. Akafungua mkoba, akatoa kibanio chake cha nyusi, akavuta, na kilichotangulia kutoka ni nailoni imejikunja, halafu lebo, halafu ile karatasi ya tarehe.

"Nani kaifanya hivi?"

"Mie. Kwetu kila kitu lazima kiwe na alama ya maktaba."

"Dada, mashine inasomea upande huu."

"Lakini upande huu haukuwa na maandishi," nikasema, na kusema kweli bado nilidhani najitetea vizuri.

Dokta Mushi akaiokota ile karatasi, akaisogeza dirishani, akafunua pazia. "Na mwisho wa kuirudisha ni lini, mama?"

Walicheka, jamani, wazee wazima wenye digrii zao walishikana mabega. Joyce peke yake hakucheka. Akasema kwamba na hata hivyo sidii si ya kwetu, tumekodi, ikija mpya hii inarudi kwao, kwa hiyo nimebandika jina la maktaba kwenye mali ya watu.

Kicheko kikakatika. Mkuu wa chuo akauliza polepole, tukishindwa kulipa mwakani, kitabaki nini?

"Hakibaki kitu, mzee."

Wakaanza kubishana juu ya mkataba, sauti zinapanda, na katika vurugu hiyo nikatoka, nikavaa viatu vya mtu mwingine, nikaenda kujificha nyuma ya makabati ya kadi za vitabu.

Chumba kilifungwa siku nyingi. Nikawa napiga mihuri yangu bila kumtazama mtu, nikiwa na hakika kazi imekwenda. Kisha Joyce akaleta sidii nyingine na mkataba mpya, mkuu wa chuo kaubana vizuri safari hii, tukishindwa kulipa tunabaki na ya mwisho. Mama Kileo akaniita.

"Kuna mwingine hapa anayejua kuiendesha ile mashine?"

Nikasema sijui.

"Hayupo. Nimeshauliza. Utaingia wewe, ila muhuri, gundi na mkasi unaviacha mezani kwangu kila asubuhi, kama mtu anayeingia benki na panga."

Niliviacha, na asubuhi ya kwanza Dokta Mushi alikuwa tayari kavua viatu mlangoni, kashika orodha yake ya magonjwa ya mikorosho. Nikaishika sidii kwa kingo kwa ncha za vidole, na nikala kiapo ambacho sijakivunja hata mara moja: kitu kipya kikiletwa kazini, kabla sijakipendezesha, nauliza kwanza ni cha nani, na kinasomwa upande gani.