Msemaji wa Avelina

Siku ya usaili Avelina alifika na baba yake mkubwa, mzee Bernardo, na mzee Bernardo alifika na kikapu.

Ndani ya kikapu mlikuwa na maharage mapya ya Bukiriro, kijijini kwao, yamefunikwa kwa jani la mgomba. Koti alilovaa mzee lilikuwa lile la kwendea posa. Katika ukoo wao yeye ndiye aliyesimama kusema kila walipokwenda kwa watu kuomba kitu: mchumba, kiwanja, msamaha. Mwombaji mwenyewe hukaa nyuma, macho chini, akasemewa. Avelina alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuona jambo kubwa likiombwa kwa namna nyingine.

Na hili lilikuwa kubwa. Kwa miaka minane alikuwa mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni pale Kabanga, wanapolala wafanyabiashara na madereva wanaovuka mpaka wa Burundi. Mwenye nyumba alikuwa ameiuza. Mwisho wa mwezi ingefungwa, na Avelina angerudi Bukiriro kulima kipande cha shamba la kaka yake, kwa hisani ya kaka yake. Ndipo zikaja habari kwamba hoteli moja mpya ya Kigali inatafuta wahudumu watatu wanaojua Kiswahili vizuri, kwa ajili ya wageni wa kutoka Tanzania, na kwamba hoteli yenyewe itashughulikia vibali vya kazi. Meneja wa hoteli, mwanamke aitwaye Uwase, alikuja Kabanga kwa siku tatu na kuchukua chumba katika nyumba hiyohiyo. Waliojiandikisha walikuwa kumi na wanne.

"Shikamoo mzee," alisema Uwase walipoingia.

"Marahaba mwanangu. Sisi ni watu wa Bukiriro. Tumekuja kwako kwa heri, tuna jambo letu."

Uwase aliitazama karatasi yake, kisha akalitazama koti. "Karibuni. Anayeomba kazi ni nani kati yenu?"

"Ni huyu. Lakini nitasema mimi."

Akasema. Alianza na babu yake Avelina na jinsi alivyochimba mfereji wa maji wa kijiji, akashuka taratibu hadi kwa mjukuu. Mtoto huyu, alisema, hajawahi kumjibu mtu mzima. Ukimtuma, haulizi mara mbili. Zilipita kama dakika kumi. Alipomaliza alikisukuma kikapu mpaka miguuni mwa meneja.

"Mzee, nimekusikia," alisema Uwase, "na maharage yako ni mazuri. Lakini siwezi kuyapokea. Kuna watu kumi na watatu hapo nje. Watasema nini?"

Mzee Bernardo alikivuta kikapu kidogokidogo, kama mtu anayetarajia kuambiwa akiache. Hakuambiwa.

"Sasa, dada Avelina. Kazi gani unaiweza vizuri?"

Avelina aliangalia miguu ya meza. "Kama alivyosema baba."

"Ningependa nikusikie wewe."

"Najaribujaribu tu, mama."

Kwao ndivyo anavyojibu mtu anayeijua kazi yake. Anayejitangaza ndiye wa kutiliwa shaka. Lakini Uwase aliandika kitu, na kalamu yake haikukaa sana kwenye karatasi.

"Mgeni akikukasirikia, unafanyaje?"

"Nanyamaza."

"Halafu?"

"Nanyamaza tu, mama."

"Mimi nikikuelekeza kazi na hujaelewa?"

"Nitaelewa."

Uwase aliweka kalamu chini. Hakusema kwa ukali. "Kutandika kitanda nitamfundisha mtu kwa siku mbili. Kuzungumza na mgeni aliyekasirika, sina muda wa kufundisha. Na kule Kigali, dada, baba mkubwa hatakuwepo. Asanteni. Majina nitayabandika keshokutwa, Alhamisi, saa nne, kabla sijapanda basi."

Nje, mzee Bernardo alisimama na kikapu chake mkononi. "Hata maharage," alisema. "Ni watu wa namna gani hao, wanaoombwa kwa mikono mitupu?" Akaondoka kurudi Bukiriro bila kungoja jibu.

Jumatano asubuhi Avelina alikuwa uani akifua mashuka na mwenzake Josefina. Alimsimulia yote. Josefina alicheka mpaka akaliachia shuka likaangukia kwenye beseni.

"Mzee kaja na koti la posa? Ungeolewa Kigali wewe."

"Cheka. Mwisho wa mwezi nakwenda kushika jembe."

"Eti unanyamaza. Wewe? Yule mama wa vitenge, Véronique, ni nani aliyemtuliza?"

"Lile lilikuwa jambo dogo."

"Dogo kwako. Mimi nilijificha jikoni." Josefina alilikamua shuka, akampa Avelina ncha ya pili. "Umwambie hilo."

"Nianze kujisifu mbele ya mtu nisiyemjua?"

"Nani kasema ujisifu? Wewe juzi si ulinisimulia jinsi mbuzi wa jirani yenu alivyoingia kanisani? Ulikuwa unamsifu mbuzi?"

Avelina alilivuta shuka kwa upande wake, wakalikunja mara mbili, na alipokuwa akilitundika kwenye kamba midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

Alhamisi saa moja asubuhi Uwase alikuwa barazani akinywa chai. Avelina alisimama hatua tatu kutoka mezani. Alikuwa amekuja peke yake na mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi.

"Mama, juzi uliniuliza jambo nikajibu vibaya. Naomba nikusimulie kilichotokea hapa mwaka jana."

Uwase alimwonyesha kiti. Avelina akakikalia ukingoni.

Alieleza kwamba mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bujumbura, alifika mchana akakuta chumba chake kimepewa mtu mwingine. Akapiga kelele. Karani wa mapokezi naye akapiga kelele. Avelina aliweka ndoo chini, akampa pole kwa Kirundi, akamletea kiti na maji, kisha akamwacha aseme mpaka amalize. Hapo ndipo alipomuuliza anakwenda wapi. Kumbe mama yule hakuwa na haja ya kulala. Alikuwa anakwenda kwenye harusi Ngara mjini, na alichohitaji ni maji ya kuoga na mahali pa kupigia nguo pasi. Avelina akamfungulia bafu la wafanyakazi, na nguo akaipiga pasi mwenyewe.

"Sasa kila akivuka mpaka hulala hapa," alisema. Alinyanyua macho kidogo, akayarudisha chini, akayanyanyua tena. "Habari nyingine ni mbaya. Niliwahi kutia jiki kwenye shati la rangi la dereva mmoja. Nilimpelekea mwenyewe kabla hajaniuliza."

"Akasemaje?"

"Alinitukana. Halafu akanionyesha mashati mengine yasiyotakiwa kutiwa jiki. Tangu siku hiyo, nguo nisiyoijua nauliza kwanza."

"Kwa hiyo huwa unauliza."

"Nauliza, mama. Juzi nilisema nitaelewa kwa sababu ulikuwa umekaa na kalamu."

Uwase alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike Kabanga. Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba. Ilikuwa na majina mawili. "La tatu nililiacha wazi," alisema. "Miezi mitatu ya majaribio. Na usiponielewa, uniambie siku hiyohiyo, hata kama nina kalamu."

Jumapili, baada ya misa, ndugu walikusanyika Bukiriro. Yale maharage yalikuwa yamepikwa. Avelina alimweleza mzee Bernardo pembeni kwanza, kama ipasavyo.

"Nani alikusemea?"

"Nilisema mwenyewe, baba."

"Ukajisifu?"

"Sikujisifu. Nilimsimulia yaliyotokea. Na lile shati nililoharibu."

"Na shati ulisema?" Mzee alifikiri. "Mimi lile nisingelisema."

Chakula kilipowekwa, watu walimgeukia mzee Bernardo, kwa kuwa habari ya ukoo hutangazwa naye. Alishika mkongojo, akainuka nusu, akakaa tena.

"Haya," alimwambia Avelina. "Simama uwaambie."