Sare za Mbwa wa Dindira

Edna Mdoe huuza mito ya kulalia. Huijaza vipande vya nguo anavyopewa na mafundi cherehani wa Korogwe mjini, huipeleka sokoni, na akirudi huku juu Dindira hubeba kiroba kingine cha vipande. Ana miaka hamsini na saba. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo foronya hununua zilizokwisha kushonwa, na mdomo wa mto huufunga kwa fundo.

Nimeishi jirani naye miaka kumi na tisa. Hucheka peke yake jikoni, nami upande wa pili wa ua husikiliza na kujiuliza mtu anapata wapi kicheko katika nyumba yenye kikombe kimoja. Ila hayuko peke yake kabisa. Ana mbwa, Karani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hamruhusu mtu kupita bila kumkagua. Karani ndiye anayefukuza ngedere na nguruwe kwenye mahindi. Bila yeye, Edna hangevuna hata debe moja.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, mbwa mwenye kichaa alitoka bondeni akauma watu wawili. Watu hao walipata sindano wakapona, lakini hofu ilibaki. Mwenyekiti wa kitongoji akapita na kipaza sauti: Alhamisi bwana mifugo atachanja mbwa wote uwanjani, na kuanzia Jumatatu mbwa atakayekutwa bila alama ya chanjo shingoni atapigwa risasi.

Alhamisi asubuhi uwanja ulijaa. Sijawahi kuona watu wazima wakiburutwa vile. Bwana mifugo, kijana anayeitwa Obadia, alifika kwa pikipiki na dozi zake kwenye deli la barafu. Mimi nilipewa daftari niandike majina, na majina ya mbwa wa kwetu ni salamu kwa majirani: Watasema, Mtajiju, Hamnijui, Tulieni. Kila nililoliita, kulikuwa na mtu aliyeangalia chini.

Tatizo lilianza kwa mbwa wa kumi na nne. Kamba za shingoni alizoleta Obadia zilikwisha.

"Nitawaandikia vyeti," alisema.

Edna alikuwa amemkumbatia Karani kifuani kama mtoto mwenye homa. "Mwanangu, huyo mwenye bunduki atasimama kwenye ukungu asome cheti?"

Obadia alijikuna kichwa. "Kweli, mama. Yeye anaangalia shingo."

"Wamebaki wangapi?"

Nikahesabu. Thelathini na tisa, Karani akiwamo.

"Endelea kuchoma," Edna alisema. "Asitoke mbwa uwanjani. Shingo niachieni mimi."

Alirudi na kiroba na mkasi, na nyuma yake Hajira, shoga yake aliyeolewa huku kutoka Kwedizinga. Ndani ya kiroba, chini ya vipande vidogo, kulikuwa na kitenge kirefu, karibu mita sita, chekundu chenye maua ya njano. Upande mmoja rangi ilikuwa imevuja, na fundi Mustafa wa mjini alikuwa amekikata akakitupa pamoja na mabaki mengine. Edna alikitandaza kwenye nyasi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi kwamba niliona aibu sikuifikiria. Hajira alikata miraba yenye upana wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kila mraba akaukunja pembe kwa pembe, akakata kwenye mkunjo, zikatoka pembetatu mbili. Pembeni nyuzi zilianza kuchomoka, kwa hiyo akazivuta mwenyewe, upana wa ukucha kuzunguka kote, mpaka kukawa na vishada vifupi. Zikishavutwa hivyo, haziendelei kufumuka haraka. Hakukuwa na sindano wala uzi. Edna alichukua pembetatu, akaweka upande mrefu shingoni, ncha ikaning'inia kifuani, akafunga nyuma fundo moja la kawaida.

"Acha nafasi ya vidole viwili," alimwambia mzee mmoja aliyetaka kukaza mwenyewe. "Anameza huyo. Na akinasa kwenye miiba, fundo lifunguke, lisimnyonge."

"Kwa nini Hajira hafungi?" mzee aliuliza.

"Mate ya mbwa yakinigusa nitanawa mara saba," Hajira alijibu bila kuinua kichwa, "na maji yako bondeni. Utanichotea wewe?"

Mzee akarudi kumshika mbwa wake. Mpaka saa saba kila mbwa aliyechanjwa alikuwa na alama shingoni, na mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti hadi mashamba ya chai kwamba alama halali ni kamba ya Obadia au kitenge chekundu cha maua ya njano. Mbwa walitawanyika vijiani wakiwa maridadi. Kwa mara ya kwanza nilimwona Karani anatembea polepole, kama anayetaka kutazamwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi Serafina aliingia uani kwa Edna bila kubisha hodi. Serafina ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Loveness, binti wa kaka yake, iliyokuwa ifanyike kesho yake. Mkononi alishika mfuko wa plastiki. Alitoa gauni akalikung'uta mbele ya uso wa Edna.

Lilikuwa jekundu, la maua ya njano.

"Edna! Miezi minne tumeficha sare hii! Hata bwana harusi hajaiona! Nimetoka bombani sasa hivi, nimekutana na mashangazi wanne wa Loveness, na wote wanne wana mikia!"

Edna alibana midomo asicheke. Nilimwona akijitahidi, mabega yakitikisika, lakini kicheko kikamshinda. Karani naye akaja kunusa gauni.

"Unacheka? Wakwe wanatoka Kwashemshi kesho. Watasema nini?"

"Nisamehe, mama Joseph. Wallahi sikujua. Mustafa hakuniambia."

"Mustafa aliapa hatasema! Basi vivue. Leo, vyote. Jumapili jioni uwafunge tena, mimi sina neno."

Hapo Edna aliacha kucheka.

"Siwezi."

"Huwezi kufungua fundo?"

"Nikivua leo, Jumapili nani atajua yupi amechanjwa? Kila mtu ataleta wake. Hata yule aliyekimbia uwanjani ataletwa afungwe. Halafu kile kitambaa kinakuwa kitambaa tu, na mbwa wenye kichaa watatembea nacho. Nitukane, nisije harusini, sawa. Lakini sivui."

Serafina alilikunja gauni. Sauti yake ikashuka.

"Basi hata Tulieni wetu mpe kimoja."

Nilifungua daftari, ingawa nilikumbuka vizuri. Tulieni alikuwa ndiye mbwa pekee aliyekata kamba Alhamisi akakimbilia msituni. Jina lake lilikuwa na mstari mtupu mbele yake.

"Hajachanjwa," Edna alisema.

"Ni mbwa wa Loveness. Alimlea kwa maziwa ya kopo. Edna, Jumatatu watampiga, na bibi harusi atakuwa na siku mbili tu kwenye ndoa!"

"Najua. Lakini simfungi."

Nilidhani wangepigana. Badala yake Serafina alikaa juu ya mto ambao haujafungwa mdomo, vipande vikatoka pembeni, akaanza kulia kwa hasira. Edna aliingia ndani akatoka na chai kwenye kile kikombe chake kimoja, akampa. Kisha akaniomba simu ampigie Obadia.

Dozi zilikuwepo tatu, Obadia alisema, zikiwa kwenye friji huko mjini. Angepanda nazo kesho asubuhi mapema, kama kungekuwa na mtu wa kumshika huyo mbwa.

"Nitamshika mimi," Edna alisema. "Wewe njoo tu. Na uje na tumbo tupu, kuna pilau."

Jumamosi kabla ya saa mbili tulikuwa nyuma ya nyumba ya kina Loveness. Bibi harusi mwenyewe alitoka na nywele zilizosukwa nusu, akaita mara moja, na Tulieni akatoka chini ya ghala la mahindi akitambaa kwa tumbo. Edna akamlalia. Obadia akachoma. Mbwa alilia kidogo kuliko shangazi.

"Kitambaa," Obadia alisema.

Edna alitazama mikono yake. Kitenge kilikuwa kimekwisha Alhamisi, na hata ujazo wa mito alikuwa ameupekua usiku bila kupata kipande cha kutosha.

Sote tulimtazama Serafina. Alikuwa ameshavaa: gauni, na kichwani kilemba kikubwa cha kitenge kilekile, kilichofungwa na mtaalamu aliyekuja kwa bodaboda alfajiri.

"Msiniangalie hivyo," alisema.

"Shangazi," Loveness aliita taratibu.

"Nimeamka saa kumi kwa ajili ya hiki kichwa!"

Alikifungua. Kilitoka mzunguko baada ya mzunguko, kirefu kuliko nilivyodhani, akamrushia Hajira aliyesimama mbali kidogo na mkasi wake. Hajira akapima kwa kiwiko, akakunja, akakata, akavuta nyuzi. Kilichobaki Serafina alikifunga mwenyewe, kidogo, cha kawaida, kama cha kwendea shambani, na kwa maoni yangu kilimpendeza zaidi.

Wakwe wa Kwashemshi walipofika walikuta akina mama kumi na wanane na mbwa zaidi ya ishirini wamevaa sare moja, wote wakisubiri pilau. Baba wa bwana harusi alisimama mlangoni akawatazama mmoja mmoja. Kisha akamuuliza Serafina, kwa heshima kabisa, kama hao nao wamechangia.

"Wamechangia ulinzi," Serafina alijibu. "Karibu ndani, mzee."

Jumatatu walikuja watu wawili wenye bunduki. Tangu saa kumi na mbili Edna alikuwa amesimama njia panda, khanga mabegani. Walipita kitongoji chote, wakiinama kutazama shingo moja baada ya nyingine. Karani aliwafuata mguu kwa mguu, akiwanusa viatu na mitutu. Ilipofika saa nne walikuwa wameketi kwa Edna, wakipokezana kikombe cha chai, na mmoja wao aliuliza mto mkubwa anauza kiasi gani.