Mgeni wangu alihukumiwa Lionja kwa kuokota "mbegu", adhabu nikaimalizia mimi

Wakuu, habari za humu ndani. Shikamooni mliotangulia kuzaliwa.

Naona kila wiki ubishi ni ule ule: mtu akikosea nchi ya watu, apewe adhabu ya hukohuko au arudishwe kwao? Wengi mnaandika kwa hasira. Mimi naandika kwa malengelenge ya mikononi, maana kesi ya namna hiyo imenipitia msimu huu wa korosho. Chumvi sijaongeza. Mke wangu anasoma humu, angenisahihisha mbele yenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lionja, Nachingwea. Nilipokea mgeni, kijana wa Kifini, fundi wa pampu za visima. Jina lake Joonas, sisi tukamwita Yonasi. Mpole sana. Anasalimia hadi mbuzi.

Siku ya kwanza nilimfundisha sheria moja ambayo kwetu hata mtoto anaijua. Ukipita shamba la mtu ukakuta bibo limeanguka, ruksa kula. Lakini korosho yake unaichomoa, unamwachia mwenyewe palepale chini ya mti.

(Kwa msiotoka kwenye mikorosho: bibo ni lile tunda jekundu au la njano lenye maji mengi. Korosho inaning'inia chini yake, ndani ya ganda gumu la kijivu.)

Nikaifupisha ili aishike: "Bibo kula, korosho usiguse." Akairudia mara tatu. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Baada ya hapo nikaenda ukweni, Nandagala, upande wa Ruangwa. Siku ya pili simu ikaita. Mwenyekiti wa kijiji.

"Mwalimu, uko wapi?"

"Niko ukweni, Mwenyekiti."

"Aga wakwe. Mzungu wako ameiba korosho za Bibi Somoe. Na midomo yake imeharibika, hatuelewi anasema nini."

Nikakodi pikipiki. Njia nzima nilikuwa nawaza aibu, maana nyumba yangu ndiyo ilimleta.

Nilimkuta Yonasi kwenye baraza la kijiji, amekaa kwenye benchi, midomo imevimba kama mtu aliyebusu mzinga wa nyuki. Pembeni yake ndoo, nusu imejaa korosho ghafi.

Midomo tukaielewa haraka. Alijaribu kupasua korosho mbichi kwa meno. Ganda lile lina mafuta yanayounguza, ndiyo maana sisi tunazichoma kwanza. Lakini wizi? Kijana huyu, shilingi ikidondoka njiani anamtafuta mwenyewe.

Mwenyekiti akamuuliza, "Uliambiwa usiguse korosho?"

Yonasi akajibu kwa shida, "Ndiyo. Mimi hapana gusa korosho. Mimi okota mbegu."

Baraza likalipuka. Mgambo aliyemkamata akasema, "Haya, kesho mwizi wa kuku atatuambia ameokota mayai yenye miguu!"

Nikamuuliza taratibu, hapo ndipo nikaelewa. Yonasi korosho anazijua. Alizinunua Dar, nyeupe, zimekaangwa, ziko kwenye pakiti. Akilini mwake, korosho ni kitu cha dukani. Kile kidude cha kijivu chini ya bibo yeye alikiona ni mbegu ya tunda, tena imetupwa ovyo chini. Akaokota za kwenda kupanda kwao.

"Akapande wapi, kwenye barafu?" aliuliza Bibi Somoe.

Huyu bibi niwaeleze habari zake kidogo. Ni mjane, anaishi kwa mikorosho ile. Shamba lake liko kando ya njia, halina uzio, na wapita njia ni wengi. Kinacholilinda ni sheria hiyo tu. Ikilegea kwa mtu mmoja, msimu wake umekwisha.

Mwenyekiti alitaka kulegeza. "Jamani, huyu ni mgeni. Ubalozi wao ukija hapa na magari, nani atawapikia? Na midomo yenyewe imeshamhukumu."

Bibi akasimama. "Midomo imemhukumu kwa kesi ya midomo. Mimi nina kesi ya shamba. Mwaka jana mlimpa adhabu mtu kwa korosho za mfuko wa suruali tu, asubuhi tatu za kupalilia shambani kwangu. Huyu ana ndoo. Au ngozi yake ndiyo kibali?"

Wakuu, hapa lazima niseme ukweli niliouahidi. Mtu wa mfuko wa suruali alikuwa mimi. Nilichukua chache za kutafuna jioni, nikakutwa. Nilipalilia asubuhi tatu huku wanafunzi wangu wakipita, "Shikamoo, Mwalimu, pole na kazi." Kwa hiyo nilitafsiri maneno ya Bibi nikiangalia chini.

Yonasi akauliza swali moja. "Kama mimi mtu wa hapa, mimi napata nini?"

Nikamwambia, asubuhi tatu.

"Basi hiyo."

Watu wakampigia makofi. Hata Bibi alionekana kuridhika. Maskini, hakujua kinachokuja.

Asubuhi ya kwanza Yonasi aliingia shambani na jembe, kwa moyo wote. Nilikuwa darasani. Saa nne nikasikia Bibi akiita majina ya mababu kwa Kimwera.

Kijana alikuwa amepalilia kila alichokikuta mbele yake. Mbaazi zilizoota baada ya mvua, mistari miwili mizima, chini. Ila gugu moja kubwa lenye maua ya njano alilizungushia udongo vizuri, akalimwagia na maji.

Tukarudi barazani. Safari hii mlalamikaji ndiye aliyemwombea mshtakiwa msamaha.

"Mwenyekiti, mnamwadhibu yeye au mimi? Nimeshtaki mwizi, mmeniletea nzige!"

"Lakini adhabu imebaki asubuhi mbili," Mwenyekiti akasema, "na deni la sheria halilipwi nusu." Akawaza. Akamgeukia Yonasi. "Ile sheria ya korosho nani alikufundisha?"

"Mwalimu."

"Alikuonyesha korosho yenyewe, kwa kidole, ikiwa mtini?"

"Hapana. Alisema tu."

Wakuu, baraza zima liligeuza shingo. Mgambo akaanza kucheka kabla hukumu haijatoka. Mke wangu, aliyekuwa amekaa mbele, akacheka kuliko mgambo.

Asubuhi mbili zikawa zangu.

Sikukata rufaa. Kazi yangu ni kueleza, na kwa mtu mmoja niliyepewa nimweleze, nilifundisha wimbo nikaacha somo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mgeni ahukumiwe kwa sheria ya alipo, sawa na mwenyeji, kwa sababu Bibi Somoe hana uzio mwingine. Yonasi mwenyewe angekubali kurudi shambani, Bibi ndiye aliyemkatalia. Lakini mwenyeji naye aonyeshe kwa kidole, asiishie kusema. Na wewe unayekwenda kwa watu, usione haya kuuliza, "Hii mnaiitaje?" Swali moja lingeokoa midomo, mbaazi na mgongo wangu.

Mlioko nje, mmewahi kuvunja sheria gani bila kujua, na wenyeji waliwafanyaje? Mlioko nyumbani, mngemhukumu vipi Yonasi? Karibuni, ila midomo ya mgeni wangu msiicheke, imeshapona.

Ambaye bado hajapona ni mimi. Jana, asubuhi yangu ya mwisho, Yonasi alikaa na Bibi pembeni wakitafuna korosho za kuchoma. Nikainua jembe juu ya mche mmoja kwenye mstari wa tatu. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hapana. Hiyo mbaazi."