Akandwe Jicho

Mimi nina mdomo, sifichi. Pale sokoni Morogoro, mteja akinibonyezea nyanya atausikia. Ila siku iliyotaka niseme mengi nilisema neno moja tu, tena nikiwa nakimbia.

Binti yangu alizaliwa mzima kabisa. Wiki ya tatu jicho la kushoto likaanza kutoa machozi hata akiwa hajalia, na asubuhi kope zinaamka zimegandamana kwa tongotongo. Nikampeleka kliniki, nesi akanitoa hofu. "Njia ya machozi imeziba, mama. Wengi huzibuka wenyewe kabla hawajatimiza mwaka." Akaweka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho, kando ya pua, akakandamiza kidogo huku anashusha chini. "Mkande hivi asubuhi na jioni. Mikono safi, kucha fupi. Basi."

Nyumbani nilikuwa na mama yangu, ameshuka kutoka Kinole kuja kunilea uzazi. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, kitambaa kinafuka mvuke, nami napiga kelele mtaa mzima unasikia. "Lia tu," ananitania. "Kuzaa umeweza, maji ndiyo yakushinde?" Kwetu mzazi asiyekandwa hajauguzwa.

Arobaini yangu ilikuwa haijatimia, lakini siku ile ya kliniki mzigo wa karoti ulikuwa umefika na mwenzangu wa sokoni anapiga simu haachi. Nikamkabidhi mama mtoto mlangoni.

"Nesi kasemaje?"

"Kasema akandwe jicho, asubuhi na jioni."

Nikapanda bodaboda, nikaenda zangu.

Ole wangu mimi! Mama akachemsha maji. Akayapima kwa mkono wake, mkono wa jembe usiosikia moto upesi, akachovya kitambaa na kukiweka juu ya jicho la mwanangu. Mtoto alipolia hakushtuka, maana kwake anayekandwa hulia. Niliporudi kope zilikuwa zimevimba na kuchubuka, na mama amekaa naye sakafuni anampepea kwa kanga. "Nimemkanda tu, mwanangu. Nimemkanda kama ulivyosema."

Nilimfokea mama yangu mzazi. Nilimwambia amenipofulia mtoto, nikamwambia arudi kwao milimani na ushamba wake. Majirani walisimama mlangoni wakisikiliza, wala sikuona haya. Hospitalini daktari aliuliza nani aliyefanya hivi, nikajibu, "Bibi yake." Mama alikuwa pale pale, kajifunika kanga.

Ngozi ilipona. Jicho lilibaki na kovu jeupe juu ya mboni, na daktari akasema mtoto ataona mwanga tu upande ule. Kabla hajatimiza mwaka machozi yakakoma yenyewe, vilevile kama nesi alivyosema. Asubuhi ile niliamka nikakuta kope kavu, safi, nikalia kuliko nilivyolia siku aliyoungua. Tungemwacha tu, angepona.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alijifungua, nami nikapanda Kinole kumpongeza. Nilimpa mama shikamoo, akaitikia huku anatazama chini. Kichanga kikazungushwa, kila mtu anakibeba na kukiombea dua. Kilipofika kwa mama akaficha mikono ndani ya kanga.

"Mpeni mwingine. Mikono hii iliharibu jicho la mtoto."

Wote wakanigeukia mimi. Hakuna aliyejua kwamba nesi alinionyesha kwa kidole na mimi sikumwonyesha mama. Ningeweza kusema pale pale: mama, kosa ni langu, nilikupa neno nusu. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Aibu ikanizuia.

Nikasema, "Mwacheni mama, amechoka."

Masika haya tumemzika mama. Kaondoka hajambeba mtoto wa mdogo wangu hata siku moja.