Robo ya Samaki Wote

Benta alikuwa na kichwa kigumu, na hapo namsifu. Walimtoa shule darasa la sita alee wadogo zake mama yao alipougua, akaolewa, akazaa, akauza samaki kando ya barabara pale Kisian, karibu na ziwa. Mwaka 1987, watoto wake wakiwa wameshampita kimo, akajitosa ngumbaru, darasa la watu wazima lililokutana alasiri kanisani. Zahanati ya misheni ilitafuta wasaidizi wa wauguzi wenye cheti cha darasa la nane, na Benta alikitaka cheti hicho kufa kupona.

Masomo mengine aliyamudu. Hesabu za sehemu zenye x ndizo zilizomtoa jasho, na Mwalimu Wakoli alikuwa ametangaza kwamba atakayeshindwa nazo Ijumaa hatasajiliwa kwa mtihani mwaka huo.

Swali la mazoezi lilikuwa hivi: mvuvi aliuza theluthi ya samaki wake, akakausha robo, akabaki na thelathini. Alivua wangapi?

Benta akaandika sitini. Akahakikisha: toa theluthi, ishirini, wanabaki arobaini. Toa robo ya hao, kumi, wanabaki thelathini. Mwalimu akampigia kosa kwa kalamu nyekundu.

"Lakini imetoshana, Mwalimu!"

"Hiyo robo ni ya samaki gani, Mama?"

"Ya wale wamebaki. Mwenye boti akishachukua yake, si tunagawa ile imebaki?"

Ndivyo babake, mvuvi, alivyogawa maisha yake yote: mwenye mashua anatangulia na theluthi yake, wengine wanangoja. Mwalimu akamwambia swali halisemi hivyo, robo ni ya samaki wote, na jibu ni sabini na mbili. Benta akaenda zake amenuna. Mtu wa Bungoma, kusiko na ziwa, atamfundisha yeye kugawa samaki?

Hata hivyo alipofika nyumbani alimwaga maharagwe mezani, akahesabu sabini na mawili. Akatoa theluthi. Akatoa robo ya yote. Yaliyosalia yalikuwa thelathini, na ilimuuma kweli. Tangu siku hiyo, samaki wakichemka kwenye mafuta, yeye yuko na kipande cha makaa anaandika juu ya katoni: zidisha kila kitu kwa kumi na mbili, sehemu zinaondoka, x inabaki peke yake. Wateja walimcheka. Aliwafungia samaki wao akaendelea.

Ijumaa Mwalimu aliandika ubaoni swali lile lile, ila mara hii walibaki arobaini na tano. Obiero, baharia wa mashua ya mtu, alikuwa wa kwanza kupaza sauti: "Tisini!"

Benta akaenda ubaoni, akachukua chaki. Kumi na mbili x, toa nne x, toa tatu x. Tano x ni mia tano arobaini. Akaandika: x ni mia moja na nane.

"Umekosea, Mama," Obiero akasema. "Mwenye boti akichukua yake kwanza..."

"Mwenye boti hayuko kwa hii hesabu, Obiero. Soma tena. Hapa hakuna mtu anatangulia kuchukua."

Mwalimu Wakoli akatikisa kichwa kukubali. "Jumatatu nakusajili, Mama."

Benta alitaka kulia, akajizuia. Obiero alikuwa bado anaukodolea ubao macho.

"Kwa hivyo samaki yote ilikuwa ya huyo mvuvi?" akauliza polepole.

"Yote," Benta akamjibu.