Breki za Gari Lililopinduka

Niko gereji peke yangu, kama nilivyojitakia, na harufu ya mafuta ya breki imenirudisha kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba za reli, Nakuru.

Baba alikuwa ametoa breki na vyuma vya kushikia magurudumu ya mbele kwenye gari lililopinduka Gilgil, akavifunga kwenye letu kuukuu. Sasa alitaka kuona kama litasimama kabla ya mtaro uliokuwa chini ya mteremko.

"Breki za gari lililoanguka!" mama alisema.

"Halikuangushwa na breki, mama watoto. Dereva alilewa."

"Na wewe?"

"Nimekunywa chai yako tu."

Mama akafungua mlango, akaketi kando yake. "Twende. Ukiwa peke yako utaendesha kama kichaa."

Gari lilisimama ukingoni mwa mtaro. Sisi watoto, tuliobaki juu tukitazama, tukangoja washuke, lakini walibaki ndani wakicheka.