Usubi wa Kaingu

Kaingu hakuwa mtu wa majivuno. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia, na ni yeye peke yake aliyeamini. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye maabara ndogo pale Kizingo akitambua mabuu ya usubi yaliyoletwa kutoka vijito vya Shimba Hills: hukata kichwa, hukilaza chali chini ya hadubini, huhesabu meno. Kila kichupa kilibandikwa jina la aliyekwenda mtoni kukusanya. La Kaingu halikuwako hata kwenye kimoja, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri.

Jumatatu akaona buu ambalo halimo kwenye kitabu chake cha usubi wa vijitoni. Jino la katikati lina ncha tatu! Kufika jioni mtaa wake wote wa Bondeni ulikuwa na habari. Kinyozi alimnyoa bure. Mkewe, Everlyne, aliulizwa sokoni kama ni kweli kuna mdudu atakayeitwa Kaingu, akajibu kwamba nyumbani tayari anaye mmoja.

Alhamisi, mkuu wake, Bi Swabaha, alikuwa ameshawaandikia wataalamu barua, ingeondoka adhuhuri. Kaingu akaenda kuteka maji ya chai ya kusherehekea. Bomba lilikuwa kavu wiki ya pili, kwa hiyo maji yote, ya chai na ya kusuuzia mabuu, yalitoka kwenye pipa chini ya ngazi. Ndani ya kata akaona kibuu chekundu kikijinyonganyonga.

Angekimwaga, nani angejua? Lakini njia ya mwongo ni fupi. Akakipeleka kwenye hadubini, akahesabu. Jino la katikati, ncha tatu. Kumbe lile la Jumatatu nalo liliingia na maji ya kusuuzia. Mdudu wa mapipani, anayejulikana na kila mtu isipokuwa bingwa wa vijito.

Akamweleza Bi Swabaha yote, aibu imemjaa hadi masikioni.

"Kwani pipa hilo laoshwa na nani?"

"Ni mimi, Bi."

"Na chai ya asubuhi?"

"Ilitoka humo humo. Ukaisifu."

Bi Swabaha akaichana barua huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamsogezea kichupa na kalamu, maana kilichotambuliwa sharti kiandikwe. Kaingu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mahali: pipa la chai. Mkusanyaji: Kaingu.